Nani Anakanda kwa Mdogo Wangu?

Mimi ni dobi, na dobi haamini mtu. Watu huniletea nguo wakidhani wananiletea uchafu tu, kumbe wananiletea na habari zao. Aliyeapa kwamba ameacha sigara ana tundu dogo la moto kwenye mfuko wa shati. Anayedai anashinda ofisini ana vumbi la njiani kwenye pindo la suruali. Mume niliwahi kuwa naye, na kola yake ndiyo iliyonishauri niondoke. Tangu hapo nanusa kwanza, salamu baadaye, na mtu akinichekea kupita kiasi najiuliza anaficha nini.

Mdogo wangu hakuzaliwa hivyo, ingawa tumelala tumbo moja. Tangu utotoni, ukimwambia ng'ombe amepita juu ya paa, atainua macho atazame, kwa adabu tu, asikuvunje moyo. Si mjinga. Anaona kumshuku mwenzako ni kazi bure, na kusema sana ni kazi nyingine bure. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nikimfinya halii, na mama akimuuliza nani kakufinya hasemi, mpaka ninaishia kulia mimi.

Alianza kazi kwa kubeba kuni kwenye tanuri la mtu mwingine. Alibeba mpaka akaujua moto, akajua kuni ipi inawaka kwa pupa na ipi inakaa. Mwisho akajenga tanuri lake mwenyewe kwa matofali ya jengo lililobomolewa, ndani ya chumba chembamba chenye mlango wa mbele wa kuuzia na mlango wa nyuma unaotokea kichochoroni. Akaweka kitanda chumba cha pili, akaja kuniambia ameoa.

Wifi yangu alikuja na mkono wake. Moto ulikuwa wa mdogo wangu, lakini unga ulikuwa wa wifi, na kukanda alifundishwa na mama yake, ambaye naye alikanda maisha yake yote. Kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba, meza ya kukandia huku na tanuri kule, walifanya kazi wakiwa wamepeana mgongo. Watu waliwatania kwamba hiyo ndiyo siri ya ndoa kudumu. Wifi aliinua donge akalibwaga mezani mara mbili za haraka, akanyamaza kidogo, kisha akalibwaga mara moja ya taratibu. Pa-pa. Pa. Kila alasiri mtaa mzima ulimsikia, na aliyekuwa amejilaza alijua ni wakati wa kutafuta viatu akanunue mkate.

Wifi aliugua mvua zilipoanza, na mvua hazikuisha kabla hatujamzika. Pale msibani mama yake alisimama mbele ya watu wote, mrefu, macho makavu, akamwambia mdogo wangu, "Ulijua mwanangu anaumwa ukanificha, mpaka nikaitwa kuja kumfunika. Nyumba yako sitaikanyaga tena." Tulimngoja mdogo wangu ajibu. Aliinamisha kichwa tu. Basi nikajibu mimi kwa niaba yake, tena kwa sauti, na niliyoyasema hayafai kurudiwa.

Siku hiyo hiyo nilimchukua mtoto wao wa pekee, binti ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Tulimwita Sisimizi, kwa sababu hakosi kitu anachokibeba kutoka hapa kwenda pale. Nilisema namchukua kwa muda, baba yake apate kupumua.

Tanuri likapoa. Mdogo wangu akawa anakaa juu ya gunia la unga, mikono magotini, na chakula nilichompelekea mchana nilikikuta jioni kimefanya ngozi juu. Kwake msiba uliingia mpaka kwenye kazi, kwa sababu alikuwa na moto lakini hakuwa na cha kuweka motoni. Watu wakaanza kusema chumba kitapata mpangaji mwingine, na mimi nikawa nasikia nanyamaza.

Kisha siku moja tuliona moshi. Alikuwa amekanda mwenyewe. Mikate ile, Mungu anisamehe, ingefaa kujengea ukuta. Wateja walinunua siku ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa aibu, halafu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Mama Mayai, jirani aliyemuuzia mayai ya kupaka juu ya mikate, alichukua iliyobaki akawalowekea kuku wake, akaja kuniambia kwamba hata kuku wanaitazama kwanza. Nilimwendea mdogo wangu nikamshauri aache, arudi kubeba kuni za watu, si aibu.

"Dada," alisema, "nisipokanda nakaa. Nikikaa nazama."

Kesho yake akakanda tena. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Kila siku mkate mbaya, na kila siku anapasua kuni, anawasha moto, anavaa aproni safi kama mtu anayengojewa na wateja mlangoni. Sijapata kuona mtu anashindwa kwa bidii namna ile.

Halafu mkate ukaanza kupona. Kwanza ganda, kisha harufu. Jioni moja nilinunua mmoja ili kumfichia aibu, nikaukata, nikampa Sisimizi kipande. Alitafuna, akaacha kutafuna, akanitazama. Nami nikatafuna. Ulikuwa mkate wa wifi. Ulaini ule ule, na ile namna yake ya kuvutika kidogo kabla ya kukatika.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilishtuka, kwa sababu mkono wa mtu huondoka na mwenyewe. Kama mkate ni ule ule na wifi yuko kaburini, basi kuna mwanamke anayeujua mkono wa wifi. Na ili aujue hivyo, lazima alikuwa karibu na meza ile wifi akiwa bado hai. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu, nikakiweka kipande chini. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwa bado halijasemwa, lakini nilikuwa tayari kulisema mimi.

Nilimwendea nikamuuliza nani anakanda. Akajibu anakanda mwenyewe. Nikamuuliza, yeye na nani? Akachukua ufagio akaanza kufagia pale alipokuwa ameshafagia.

Aproni zake nilikuwa nazifua mimi. Wiki hiyo, nilipoufungua mzigo wake, katikati ya aproni nilikuta kitambaa cha kichwa cha kike, cha kahawia chenye madoa meupe. Hakikuwa cha wifi. Vya wifi nilivifua mimi, nikavikunja mimi, nikavifungia sandukuni mimi. Hapo nilifanya kosa ambalo ni dobi tu anayeweza kulifanya. Mkono wangu hauna subira na nguo chafu. Wakati kichwa bado kinashangaa, mkono ulikuwa umeshakitumbukiza kitambaa kwenye ndoo ya sabuni. Nilipokitoa kwa haraka na kukileta puani, kilinuka sabuni yangu mwenyewe. Kwa mbali kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua, nikasema hiyo ni ya mdogo wangu, mgongo wa kubeba magunia. Ushahidi wote niliumwaga mferejini kwa mikono yangu. Sisimizi, aliyekuwa amesimama kando akinishikia vibanio vya nguo, aliniuliza kwa nini naitukana ndoo.

Basi nikatega mtego. Nilikitia kitambaa wanga kidogo, nikakipiga pasi, nikakikunja mkunjo wangu ambao hakuna dobi mwingine anaupiga, pembe mbili zinakutana katikati na mstari mmoja mkali unakatiza mshazari. Mkunjo huo hautoki mpaka nguo ifuliwe tena. Nikakirudisha katikati ya aproni bila kusema neno, nikaanza kungoja kuuona mstari wangu kichwani kwa mtu.

Siku hizo nilitembea nikitazama vichwa. Nilimfuata dada mmoja mpaka kwenye mlango wa benki, akageuka akaikumbatia pochi yake. Nilimzunguka mshonaji wa jirani nikijifanya natafuta kifungo kilichoanguka. Mama Mayai ndiye niliyemshuku zaidi, kwa kuwa yeye huingia pale na kutoka, tena anacheka sana. Aliponiona nakitazama kichwa chake kwa mara nyingine, alinishika mkono akanivuta pembeni. Aliniambia kama ninamtafuta mwanamke wa kichochoroni, si yeye. Yeye amemwona. Anapita mchana watu wakiwa wamejilaza, amejitanda gubigubi, na haondoki mpaka mikate imeingia motoni. Uso wake hajapata kuuona.

Kushuku ni kitu kimoja, lakini kuambiwa na muuza mayai kwamba ulichoshuku kina miguu na kinatembea, hicho ni kingine.

Katikati ya hayo mdogo wangu akaja kwangu, amevaa shati safi, hana unga hata kwenye kucha. Alikataa kiti. Alisema shule zinakaribia kufunguliwa, na ile ya karibu na kwake imekubali kumpokea Sisimizi.

"Umenilelea vizuri, dada. Sasa nataka mwanangu arudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwako na kwa nani?"

Alinyamaza. Kuna mtu ukimuuliza akinyamaza unajua anatafuta uongo. Yeye akinyamaza unajua ameukuta ukweli na hana ruhusa ya kuutoa.

"Nipo mimi," alisema mwishowe. "Na ninasaidiwa. Lakini nimekatazwa kusema."

Neno hilo la kukatazwa ndilo lililonipandisha hasira. Nilimwambia Sisimizi hatavuka kizingiti chake mpaka nijue kitambaa kile kinafunika kichwa cha nani. Nilimwambia mtoto wa marehemu halelewi na mwanamke wa mlango wa nyuma. Nilimwambia na mengine. Hakunibishia hata moja. Alipofika mlangoni aliviona viatu vya Sisimizi vimetupwa kila kimoja upande wake, akainama, akavipanga sawasawa kando ya vyangu, akaondoka. Nilimchukia kwa kutonigombeza.

Niseme wazi kwamba nilikuwa naogopa. Nyumba yangu ilikuwa imezoea mtoto. Alikuwa na kigoda chake chini ya kamba za kuanikia, na kazi yake ya kunipa vibanio, na alikuwa amejifunza kwangu kunusa kola kabla ya kuzitia ndooni. "Huyu mwongo, Shangazi," angesema, akitupa shati la mwalimu mkuu kwenye rundo, nami nacheka mpaka nashika mbavu. Nilijiambia ninamlinda asiangukie kwa mama wa kambo asiyejulikana. Hilo lilikuwa kweli. Lakini nilipomwona mwanamke yule wa kichochoroni katika mawazo yangu, siku zote alikuwa anatoka nyumbani kwangu amemshika Sisimizi mkono.

Shule zilipobaki kidogo tu kufunguliwa, niliamua kwenda kufumania. Nilimchukua na mtoto makusudi, ili baba yake aone haya. Tulipita nyuma, mchana, jua likiwa limewafungia watu ndani. Mlango wa mbele wa duka ulikuwa umefungwa kama nilivyotarajia. Tulipokata kona ya kichochoro tukasikia unga.

Pa-pa. Pa.

Sisimizi alisimama. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu na niliusikia ukikaza. Alikunja uso, akainua pua kidogo, kama ninavyofanya mimi nikiletewa nguo yenye hadithi.

"Shangazi," alisema polepole, "nani huyo anajifanya mama?"

Sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa yangu, na hayakunipendeza kuyasikia yakitoka kwenye kinywa kidogo namna ile. Nilimvuta tukaendelea mbele tukinyata.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nje ya kizingiti, kwenye kibenchi kilichoegemezwa ukutani, alikaa mwanamke ametupa mgongo. Kichwani alikuwa na kitambaa cha kahawia chenye madoa meupe, na juu ya kitambaa mstari wangu ulikuwa umekatiza mshazari, mkali kama nilivyouacha. Nilimpata. Maneno niliyokuwa nimeyaweka akiba kwa siku zote hizo yalijipanga mdomoni, yakawa yanasukumana nani atoke kwanza.

Yule mwanamke akainua mkono, akasema akilielekea pazia, "Bado. Maji yamezidi, unalia kofi kofi. Tia unga kidogo, na usikimbilie. Mwenzio hakuwa na haraka."

"Sawa, mama," sauti ya mdogo wangu ilijibu kutoka ndani.

Pa-pa. Kimya. Pa.

"Hapo. Hapo, baba. Umesikia?"

"Nimesikia."

Sauti ile niliijua. Mara ya mwisho niliisikia msibani, ikiapa.

"Bibi," alisema Sisimizi, akauchomoa mkono wake mkononi mwangu.

Mama mkwe wa mdogo wangu aligeuka kwa shida, ameshika magoti yote mawili, na hapo harufu ya dawa ya kuchua ikanifikia, ile niliyoisingizia mgongo wa mdogo wangu. Mtoto alimwangukia mapajani. Bibi alimshika kichwa kwa mikono yake mikubwa, akamnusa nywele kwa muda mrefu, na kitambaa kikamlegea kikaanguka begani bila yeye kukijali. Aliponitazama juu ya kichwa cha mtoto, macho yake hayakuwa makavu tena, lakini yalikuwa yananichunguza.

"Umekuja kufumania," alisema.

Nikasema ndiyo. Sikuona faida ya kuficha.

"Kaa. Hata mimi nilikuja kufumania."

Sikukaa, lakini nilisikiliza. Alinieleza kwamba aliposikia moshi umeanza tena kutoka kwenye tanuri, alijiambia kaburi la mwanawe halijakauka na kuna mwanamke mwingine ameshasimama kwenye meza yake. Alikuja na fimbo. Alipita nyuma kama mimi, akasogeza pazia kidogo kwa ncha ya fimbo, na akamkuta mkwewe peke yake. Amefumba macho, ameligeukia tanuri, anabwaga unga kwenye meza iliyo nyuma yake kwa kujipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Machozi yanamchora kwenye unga wa mashavuni. Anabwaga, anatega sikio, anatikisa kichwa, anabwaga tena. Miaka yote ile hakuwahi kuiangalia mikono ya mkewe ikikanda, kwa sababu walipeana mgongo. Alichobaki nacho ni sauti yake tu. Basi alikuwa anaitafuta sauti.

"Alikuwa anaupiga unga utadhani kakamata mwizi," alisema bibi. "Nilivumilia, nikashindwa. Nikamwambia kupitia pazia, siyo hivyo."

Tangu siku hiyo hakukosa kuja. Lakini alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba nyumba ile hataikanyaga, na kwake kiapo ni kiapo. Tena aliona si heshima mama mkwe amsimamie mkwe wake mikono. Kwa hiyo alikaa nje, yeye ndani, pazia katikati, akamfundisha kwa masikio. Unga ukilia kofi, maji yamezidi. Ukilia kama mtu aliyejitupa kitini amechoka, umeiva. Alinyoosha miguu yake nione ilikuwa imeishia wapi, na kweli vidole vyote vilikuwa nje ya kizingiti.

"Sijakanyaga," alisema. "Nilimkataza kusema, kwa sababu wangesema nimekula matapishi yangu. Mtaa huu una midomo. Ila nilishangaa kitambaa changu nilichokisahau hapa kibenchini kilivyorudi kimenyooka kuliko siku niliyokinunua."

Nilimwambia mkunjo ule ni wangu. Akakichukua begani, akaupitisha kidole mstari wangu, akaguna. Sikujua kama ni kunisifu au kunishtaki.

Kisha alisema jambo ambalo hakuniangalia alipokuwa akilisema. "Mtu niliyemwambia anifichie, akanificha hata kwa dada yake wa tumbo moja, akakubali kunyimwa mtoto kuliko kunitaja. Mtu huyo, nikajiuliza, ule ugonjwa aliuficha kwa kupenda kwake? Au kuna aliyemwambia amfichie?" Akamfuta mtoto vumbi shavuni. "Nilimuuliza kama ni mwanangu aliyemkataza."

"Akasemaje?"

"Akachukua ufagio."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka, naye akacheka, na katikati ya kucheka tukajikuta tunalia, wanawake wawili tusioamini mtu, kichochoroni, mchana kweupe.

Pazia likasogea. Mdogo wangu alisimama pale, unga mpaka viwikoni, amekonda, amenyooka. Alituona wote watatu. Hakuuliza tumefikaje wala tunalia nini. Alimtazama mwanawe tu, na hakutoka nje kumchukua. Alijifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja na wa pili, halafu akabaki ameishika ile aproni.

"Dada," alisema.

Basi, ni hilo tu. Nilimtazama kuanzia kola mpaka viatu, nikitafuta kitu. Kazi yangu ni hiyo, na siku ile niliitaka kuliko siku zote. Tone moja la kitu chochote lingenitosha nimrudishe mtoto kwangu na roho yangu itulie. Kola ilikuwa safi.

Sisimizi aliteremka mapajani kwa bibi yake. Alimwendea baba yake, akalishika pindo la aproni, akalileta puani, akalinusa kama nilivyomfundisha, kwa makini, mbele na kisha nyuma yake. Alipomaliza aligeuka akanipa majibu.

"Ni unga tu, Shangazi."

Akaingia ndani. Baada ya muda tulisikia kreti likiburutwa mpaka mezani, kisha pa ndogo, dhaifu, isiyo na mpangilio wowote, na sauti ya mdogo wangu ikisema taratibu, haina haraka. Bibi alifumba macho akasikiliza. Hakumsahihisha.

Nilirudi nyumbani peke yangu na mzigo wa aproni chafu. Kigoda kilikuwa chini ya kamba. Nilikisogeza mara kadhaa nikakiacha palepale.

Kesho yake nilipeleka nguo za Sisimizi. Nilizipiga pasi zote, hata soksi, nikazikunja mkunjo wangu. Nilipita nyuma, kwa kuwa sikutaka watu wa mbele wanione uso. Mdogo wangu alipokea mzigo, akaniambia ahsante, akaupeleka ndani bila hata kuuhesabu. Nilisema yeye hashuku.

Bibi, kutoka kwenye kibenchi chake, alikuwa ameshauhesabu kwa macho.

"Gauni la njano nililomnunulia halimo," alisema.

"Halijakauka, mama."

Alilitazama jua, ambalo lilikuwa linapasua mawe tangu wiki iliyopita. Akanitazama mimi. Kisha akayashika magoti yake, akasogea mpaka mwisho wa kibenchi, akapiga kwa kiganja pale palipobaki wazi.